Somo la Beseni

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa changu, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, alipoinama akaniambia sikioni kwamba Mwalimu Beseni aliyatia maji dawa.

"Dawa ya nini?" nikauliza.

"Ya kuwaita watoto. Mtoto akishachovya mkono kwenye beseni lile, maji yoyote atakayoyaona yanamwita. Ndiyo maana lile shimo la matofali lililojaa maji likamwita Chiriku. Wengine wanasema aliwaambia kabisa kwamba mtu akijiamini hazami, anakaa juu tu kama jani. Kwani watoto wa ile shule ya ghorofa kule juu wameitwa?"

"Kule hakuna beseni."

"Umejijibu mwenyewe, Mama Kibonge." Akauvuta unywele mpaka machozi yakanitoka. "Tulia wewe, urembo una adhabu. Mimi wangu nimeshamtoa darasani kwake. Na wewe mtoe wako kabla hajaitwa. Jumapili tunakwenda kwa mwenye nyumba, amwambie afungashe virago vyake. Mtu hajazaa, unampa mtoto wako amchezee kwenye maji? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Nilikuwa namnyonyesha mdogo wake Kibonge. Nikamfuta mdomo. Chiriku, binti wa jirani yetu, alikuwa amezikwa juma lile lile, hajafika hata umri wa kung'oka meno ya mbele. Na msiba ukikosa mtu wa kubebeshwa, hapa kwetu hautulii. Unazunguka mlango kwa mlango mpaka upate mgongo.

Mgongo wenyewe ulipatikana kirahisi.

Mwalimu Beseni alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya vyumba vingi, mlango wake umetazamana na bomba la maji. Pazia la maua lilikikata chumba katikati. Nyuma ya pazia kilikuwepo kitanda na jiko la mafuta ya taa. Mbele kulikuwa na mkeka, viti vichache vya watoto, kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi ili kiwe ubao, na watoto wa chekechea wamebanana kama njugu kwenye ganda. Sisi akina mama tulipanga madumu yetu foleni chini ya dirisha lake kila asubuhi, kwa hiyo tupende tusipende, tulisoma chekechea mara ya pili.

Zamani alifundisha kwenye shule ya mtu binafsi. Mwenye shule akafariki, wanawe wakageuza madarasa kuwa maghala ya saruji. Mumewe alikuwa utingo wa lori, akaenda safari moja asirudi. Mwalimu mwenyewe alisema "amepata nyumba nyingine," kama vile mtu aliyehama chumba kwa sababu dari inavuja. Mimba zake mbili ziliharibika. Hilo aliniambia mimi, siku nilipokuwa na Kibonge tumboni, nimeshindwa kulinyanyua dumu langu pale bombani. Akatoka na chaki vidoleni, akalibeba mpaka mlangoni kwangu, akaniambia, "Wewe usinyanyue kitu. Mimi nilinyanyua." Tangu siku hiyo hakuacha kunibebea mpaka nilipojifungua.

Jina la Beseni alipewa na watoto. Alikuwa na beseni la plastiki la kijani, pana, ambalo alilitumia kuogea, kufulia na kufundishia. Akishafundisha, maji yale yale yalipigiwa deki. Siku za beseni watoto walifika mapema bila kuchapwa. Aliliweka katikati ya mkeka, akawakalisha kuzunguka, na kila mtoto alikuwa ameleta kitu kutoka kwao: kijiko, kizibo cha chupa, msumari, kipande cha mkaa, ndala iliyokatika. Kibonge aliwahi kunichukulia ufunguo wa kufuli, nikakaa nje ya nyumba yangu mpaka somo lilipokwisha.

Hakuwaambia kitu mapema. Aliinua kijiko juu akauliza, "Kinaelea au kinazama?"

"Kinazamaaa!"

"Kisia kwanza, usipige kelele. Chiriku, wewe unasemaje?"

Chiriku kila mara alikuwa na la kusema. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Sauti yake tuliifahamu wote kwenye foleni. "Mwalimu, kijiko kinazama kwa sababu ni cha chuma, lakini meli pia ni ya chuma na mjomba wangu alipanda meli na hakuzama, kwa hiyo mimi sisemi mpaka nione."

Kwenye foleni tulicheka. Mama yake, ambaye alikuwa mbele yangu, alijifunika uso na mkono. "Huyu nilimzaa au nilimnunua redioni?" alisema, na ungeona jinsi alivyokuwa anafurahi.

Mwalimu alichukua tonge la udongo, akalifinyanga kama mpira, akalitumbukiza. Likazama. Akalitoa, udongo ule ule, akautandaza kama sahani yenye kingo, akauweka taratibu juu ya maji. Ukaelea. Watoto wakainama juu ya beseni. Akawaambia maji yana mikono mingi inayosukuma kwenda juu. Ukijikunja kama ngumi, mikono michache tu inakupata, na unaiponyoka. Ukijitandaza, mikono mingi inakushika. Siku nyingine alileta machungwa mawili. Lenye ganda likaelea, alilolimenya likazama, na Kibonge alirudi nyumbani akinieleza kwamba chungwa limezama kwa sababu limevuliwa koti. Kweli hiyo ndiyo sababu: ganda lina vipovu vya hewa ndani yake. Mimi nilikuwa nimekula machungwa umri wangu wote sijajua.

Halafu ikaja siku ya mkebe.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeegemea dirisha, mtoto mgongoni, dumu langu bado liko nyuma kwenye foleni. Mwalimu aliweka mkebe mtupu wa maziwa majini, ukaelea. Akauliza kwa nini, wakasema kwa sababu una hewa. Akauchukua, akautoboa kitako kwa msumari na jiwe, akaurudisha. Maji yakachirizika ndani, mkebe ukalala upande, ukaenda chini. Watoto wakasema "Aaah!" kama waliofiwa.

"Tufanyeje ili uelee tena?"

Chiriku alikuwa ameshasimama. "Tuuzibe kwa sabuni, Mwalimu! Mama anaziba dumu letu kwa sabuni!"

Nani asiyeziba dumu kwa sabuni? Dumu likipasuka, unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unakisugua kwenye ufa mpaka kishike, unateka maji unafika nyumbani. Kesho unasugua tena. Kununua jipya ni hadithi ya siku nyingine. Mwalimu akacheka, akamsifu, akaleta sabuni kutoka nyuma ya pazia, akamwachia Chiriku mwenyewe azibe. Mkebe ukarudi majini ukaelea, umesimama wima kama askari.

"Makofi kwa fundi!"

Wakampigia. Chiriku akainama kama bibi harusi. Wakati huo huo kengele ya shule ya ghorofa ikalia kule juu, na kwa Mwalimu nayo ilikuwa kengele ya mapumziko. Akautoa mkebe, akaukung'uta, watoto wakatawanyika uani. Sikuona kosa. Hakuna aliyeliona.

Shimo la wafyatua matofali liko nyuma ya nyumba za mwisho. Wanachimba udongo, wanahama, mvua inalijaza, nao wanachimba jingine pembeni. Watoto wamekatazwa, na makatazo yenyewe ndiyo yanayowapeleka. Ilikuwa alasiri ya siku ile ile ya mkebe, sisi wote tuko na nguo zetu kwenye kamba, tukasikia mfyatua matofali mmoja anapiga ukelele. Nilikimbia na mtoto mgongoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, kwa sababu sikumwona Kibonge.

Kibonge nilimkuta ukingoni amesimama, kavu, mikono imening'inia. Nikamshika nikamkumbatia mpaka akalia. Nyuma yake walikuwa wanamtoa Chiriku. Mfyatua matofali aliyemtoa alikuwa mwanaume mkubwa, amelowa mpaka kifuani, na alikuwa anamwambia mtoto, "Amka, mama, amka, mama," kana kwamba anamwamsha aende shule. Dumu la njano lilitoka baada yake, wakalivuta kwa mti. Mtu akalitupa kando.

Mama Chiriku alifika akitembea. Hakukimbia. Alikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, na alipokaa chini kumpokea binti yake, povu likabaki kwenye gauni la mtoto.

Baada ya mazishi, watoto wakaanza kupungua kwa Mwalimu kama maji kwenye dumu bovu. Mmoja akapata homa. Mwingine akapelekwa kwa bibi yake. Mwingine mama yake hakutafuta hata uongo. Alimvuta mkono tu akapita naye mbele ya mlango ule akitazama mbele. Asubuhi moja beseni la kijani lilikutwa kizingitini limepasuliwa katikati, na juu yake pamemwagwa maji machafu. Mwalimu alifagia, akaosha kizingiti, akakaa juu ya mkeka na mtoto wake mmoja aliyebaki. Huyo mmoja alikuwa Kibonge. Walihesabu vidole.

Mama Chiriku hakusema lolote juu ya Mwalimu, si zuri wala baya. Alikaa mlangoni kwake. Ukimpa kikombe alikishika, ukimpokonya aliachia. Mara moja tu nilimsikia akimuuliza dada yake, "Alikuwa na dumu. Mbona alikuwa na dumu? Dumu si linaelea?" Dada yake akamwambia lilimponyoka mkononi, maji yana nguvu. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza tena swali lile lile.

Siku ile nilipotoka kwa msusi, nilirudi nyumbani nikamkalisha Kibonge juu ya kitanda, nikamuuliza kile ambacho nilikuwa naogopa kukiuliza. Kama Mwalimu aliwaambia mtu akijiamini hazami.

"Hapana," akasema. "Alisema mtu anazama. Alisema tusiende."

"Sasa Chiriku alikwendaje?"

Akakunja miguu. "Alisema dumu limezibwa kwa sabuni kama mkebe, kwa hiyo hewa haitoki. Akalilalia hivi." Akajitupa kifudifudi juu ya mto wangu, akaukumbatia, kifua juu yake. "Akaenda mpaka katikati. Alikuwa anaimba. Halafu dumu likawa linapiga vipovu. Bruu, bruu. Chiriku akasema, 'Limetoboka,' halafu akaingia."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa namngoja. Zamu yangu ilikuwa baada yake."

Nilimwacha pale na mto. Nilikwenda msalani kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mtu anaachwa alie peke yake.

Kesho yake nililitafuta lile dumu. Lilikuwa bado ukingoni mwa shimo, kila mtu analiogopa, hata waokota plastiki wamelipita. Nililigeuza. Kwenye kona ya chini kulikuwa na ufa mrefu kama kidole cha shahada, na kingo zake zilikuwa na ute mweupe, laini, uliobaki wa sabuni. Mama Chiriku alikuwa ameusugua kwa ajili ya maji ya kufulia, asubuhi ile ile pengine, kama tunavyofanya sote. Sabuni ikalowa, kifua cha mtoto kikaisugua huku na huku, ikaisha. Nililiacha pale pale nikaondoka haraka, na njiani nikaanza kupata nguvu. Nilikuwa na jambo la kusema sasa. Hakukuwa na dawa wala maji ya kuita watoto, na Mwalimu hakuwaambia wajitupe. Lilikuwa ni dumu bovu la nyumbani. Jumapili wakienda kwa mwenye nyumba, nitakwenda nao, nitasimama niseme mbele ya msusi na wenzake wote, na nione nani atathubutu kumfungashia mtu virago.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Alikuwa amekwisha kuuteremsha ubao ukutani. Pazia lilikuwa limekunjwa, na kwa mara ya kwanza nikakiona chumba chake kizima: kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, nikashangaa wale watoto wote walienea wapi.

"Karibu, Mama Kibonge. Kaa kitandani, viti ni vya watoto, vitakukunja."

"Mwalimu, unahama?"

"Mwenye nyumba ni mtu mzima. Nisimngoje mpaka aje kuniambia, ataona aibu bure."

"Usihame." Nikamweleza. Nilimweleza yote bila kupumua: mto, vipovu, ufa, ute wa sabuni. Nikamwambia Jumapili nitasema. Alinisikiliza huku anakunja shuka, na hakushtuka mahali popote. Nilipomaliza akaliweka shuka juu ya ubao.

"Nililiona dumu," akasema. "Jioni ile ile. Nyinyi mlimfuata maiti, mimi nikabaki."

"Sasa mbona umenyamaza? Watu wanakuita mchawi!"

"Mchawi nafuu." Alijaribu kucheka, ikatoka pumzi tu. "Mama Kibonge, ukisimama Jumapili ukasema ni dumu, mimi nimepona. Sawa. Nani alilisugua?"

Nikageuza macho kuelekea kwa Mama Chiriku.

"Atakaa pale mlangoni aitazame mikono yake. Leo anajiuliza dumu lilimponyokaje mtoto. Kesho atajua. Atajua mpaka afe. Msusi atamsaidia asisahau. Unawajua wanawake wa bombani, na mimi nawajua, nimewasikia dirishani miaka yote hii. Wakimaliza kunisema mimi, wanamhamia nani?"

Mtoto mgongoni akaanza kulalamika. Nikamtoa nikamnyonyesha, nipate mahali pa kutazama.

"Lakini si kosa lake," nikasema. "Na si lako."

"Lake si kosa. Yeye alikuwa anateka maji." Akakaa kwenye kimoja cha vile viti vya watoto, magoti yakamfika kifuani. "Langu lipo. Mimi niliutoa mkebe. Kengele ililia, nikautoa, nikaukung'uta. Ningeuacha pale wakacheza, wakirudi wangeukuta umezama. Sabuni inayeyuka, nani asiyejua? Kila siku tunaiyeyusha mikononi. Lakini wale walikisia, wakaona unaelea, nikawapigisha makofi, nikawaruhusu watoke. Niliwapa nusu ya somo. Chiriku alikwenda kulimalizia mwenyewe."

"Mwalimu, hukujua."

"Kujua ndiyo kazi yangu. Ningekuwa muuza nyanya, ningesema sikujua."

Nje mtu alifungua bomba, dumu likaanza kujaa, ile sauti inayopanda taratibu. Likajaa, mtu yule akalifunga bomba akaondoka. Hakumsalimu Mwalimu.

"Unaenda wapi?" nikauliza.

"Kwa mdogo wangu. Mumewe hanipendi, lakini ana chumba cha kuku. Kuku wenyewe walikufa." Akafuta magoti yake kama yana chaki. "Sikiliza. Mimi nina ombi. Usinikatalie, maana nimelifikiria na sina mwingine wa kumwomba. Wale watoto wote, wa msusi, wa fundi viatu, wale mapacha, na huyu wako, mpaka sasa hivi wanaamini kwamba ukiziba kwa sabuni kinaelea. Niliwafundisha mimi na nilifundisha vizuri, hawatasahau. Shimo liko pale pale na mvua hazijaisha. Mimi nikiwaita hawaji. Nikiwasogelea barabarani mama zao watanipiga mawe."

"Niwaambie?"

"Usiwaambie. Mtoto ukimwambia, hasikii, lazima aone. Wewe una beseni. Waite uani kwako wakati mama zao wako kwenye foleni. Watafutie mkebe, utoboe, mpe mmoja wao azibe kwa sabuni, uuweke majini. Waulize kwanza, wakisie. Utaelea, watafurahi, watakuambia wanajua. Hapo ndipo usiutoe. Watachoka, watataka kwenda kucheza. Wazuie. Waimbishe, wape chochote, lakini wasiondoke mpaka wauone unakwenda chini wenyewe, bila kuguswa na mtu. Na dumu usilitaje, Mama Kibonge. Wala jina la Chiriku. Wala langu. Wakikuuliza nani amekufundisha, sema ulisoma zamani ulipokuwa mdogo."